Baraza Lililohamia Mpendae

Alasiri ya Jumapili, Tahiya alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba ya mama yake, Mpendae, utepe wa kupimia kaubana kwa meno, akichora kwa chaki juu ya sakafu ya saruji mahali ambapo mtu angeweza kukaa nje bila ya kuungua. Mama yake, Bi Zeyana, alikuwa ameikalia mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa nje ya nyumba hiyo hapakuwa na kitu chengine cha kukalia. Hakuwa akikuna nazi. Alikuwa akiitazama michoro ya binti yake kama mtu aliyeteremshiwa majora ya kitambaa dukani na hajapenda hata moja.

"Hapa kochi la mbao, mito myeupe," alisema Tahiya. "Hapa mwavuli. Huku vyungu vya mimea, vifiche barabara."

"Na wapita njia watanionaje?"

"Hawatokuona, Mama. Ndiyo raha yenyewe hiyo."

"Mtu kukaa nje na asionwe, hiyo si raha. Hiyo karantini."

Tahiya akavifuta vyungu kwa kiganja. Kazi yake ilikuwa hiyo hasa, kupanga mahali pa kupumzikia nje, na aliifanya vizuri. Mahoteli ya Matemwe na Jambiani yalimwita yeye yalipotaka wageni wao wakae nje mchana kutwa wasichoke. Alijua kusi inaingilia wapi na kaskazi inatokea wapi, alijua mgongo wa kiti unataka kulala kiasi gani, na maji ya mvua yaelekezwe wapi yasimkute mtu miguuni. Mbele ya nyumba ya mama yake ujuzi wote huo ulikwama. Nyumba ilitazama magharibi, bati lilikuwa jipya, hapakuwa na mti wala ukuta wa kutoa kivuli, na ile saruji ilikuwa ikilihifadhi joto la mchana mpaka watu wanatoka kusali Isha. Mwavuli hapo ungekuwa mzaha tu.

Nyumba hiyo aliijenga Hamed. Hamed ni mtoto wa ndugu yake marehemu Thuwaini, na Thuwaini alikuwa mume wa Bi Zeyana. Thuwaini alipofariki, nyumba yake kubwa ya Sokomuhogo, ndani ya Mji Mkongwe, ilirithiwa na mjane, binti na Hamed, na sehemu ya Hamed haikufika hata nusu. Familia ikamfanya yeye msimamizi, kwa sababu alikuwa mwanamume na ana gari. Msimamizi akasimamia. Akaikodisha nyumba nzima kwa watu wa hoteli, kwa miaka ambayo Bi Zeyana hatoishi kuiona ikimalizika, na habari hiyo akawaletea wenziwe baada ya wino kukauka, pamoja na funguo za vyumba viwili vya Mpendae. Alisema huko Bi Zeyana atapata hewa. Watu wanaomhamisha mtu huisifia sana hewa.

Bi Zeyana alikataa, akakataa tena mbele ya watu wazima wa ukoo, na wote walimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Kisha wakaleta hamali.

Siku ya kuhama, majirani walitoka uchochoroni kuagana naye. Makabati yakapakiwa, vitanda vikafunguliwa, masufuria yakafungwa kwenye shuka. Bi Zeyana alijishikiza kwenye baraza la jiwe, mbele ya nyumba, ili avae kiatu vizuri, na mkono wake ukiwa bado juu ya jiwe, akasema kama anavyosema kila mwenye adabu anapoondoka: "Haya, karibuni Mpendae. Karibuni nyote."

Karibu ya Unguja ni kitu cha kufahamika. Anayekula humkaribisha anayepita, na anayepita hujibu ahsante, nshakula, hata kama njaa inamkata matumbo. Anayehama huwakaribisha anaowaacha, nao hujibu tutakuja, inshallah, kisha wakaonana mazikoni. Huo ndio ustaarabu wetu, na haujamdhuru mtu. Siku ile majirani wote walijibu kwamba watakuja. Baraza halikujibu kitu, wala hakuna aliyelitilia maanani, maana lilikuwa jiwe na chokaa.

Lilikuwa baraza refu, limeshikana na ukuta wa mbele, limelainishwa na kanzu za watu waliokwisha kuzikwa na watoto wao. Katikati palichongwa mashimo ya bao. Mvua za masika zilipoujaza uchochoro maji, watu wa mtaa walipita juu yake, viatu mkononi, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuwakataza. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, Bi Zeyana alisimamia lipakwe chokaa. Kila alasiri alipeleka vikombe vya kahawa mpaka mlangoni, mkono wa mumewe ukavipokea. Kulikalia, hakulikalia hata siku moja. Baraza lilikuwa la wanaume. Yeye alilijua kutoka dirisha la juu, kwa kofia na vipara, na kwa mazungumzo ambayo yalipanda ukutani bila ya kubisha hodi.

Hoteli ilipofunguliwa, meneja wake, kijana mmoja nadhifu aitwaye Mansour, alitia mnyororo mbele ya baraza na kibao kilichosema: Kwa Wageni wa Hoteli Tu. Wazee wa mtaa walikuja alasiri, wakakisoma kibao, mmoja akamsomea mwenziwe aliyesahau miwani, wakarudi majumbani kwao. Aliyebaki ni Mjaka, mtu wa Tumbatu, ambaye alikuwa akiuza kahawa hapo tangu ndevu zake ni nyeusi. Alfajiri ya siku ya pili aliuvuka mnyororo kwa mguu mmoja kisha wa pili, akakaa, akaanza kupepea makaa.

Asubuhi hiyo Bi Zeyana alifungua mlango wa Mpendae ili amwage maji ya kusafishia dagaa, akalikuta baraza liko nje. Limegeuzia nyumba mgongo, limeitazama barabara, na halikujali hata mstari mmoja wa chaki ya Tahiya. Juu yake alikuwa amekaa Mjaka na dele lake la kahawa.

"Asalaam aleikum, Bi Zeyana."

"Waaleikum salaam, Bwana Mjaka. Umekuja nalo vipi?"

"Sikuja nalo. Lenyewe ndilo lililokuja na mie." Akasukuma kaa moja kwa koleo. "Nlikaa, natia moto, nikahisi tunakwenda. Nikasema presha hiyo. Tulipofika Darajani nikajua si presha."

"Halikukusumbua?"

"Hata. Mwendo wake wa taratibu, kahawa haikumwagika. Michenzani askari katusimamisha, kapisha magari, katuruhusu. Likapita upande wake wa kushoto kama kawaida."

Bi Zeyana aliangalia kipande cha mnyororo kilichokuwa kikining'inia pembeni, na kibao kikiwa bado kimefungwa. Akakifungua, akaenda kukifunikia pipa la maji, ambalo lilikuwa halina kifuniko tangu ahamie.

"Nilisema karibuni," alisema aliporudi.

"Ulisema. Nilikuwepo."

"Basi kaitika mmoja."

Akaleta maji na kitambaa, akalifuta vumbi la njiani, kwa kuwa mgeni aliyetoka mbali hapokewi hivi hivi. Kisha akakaa. Jiwe lilikuwa la baridi, mgongo ukapata ukuta, miguu ikafika chini bila ya kuning'inia. Alikuwa amelisimamia baraza hilo umri wake wote wa ndoa, na ndiyo kwanza ajue kwa nini wanaume walikuwa hawaingii ndani wanapoitwa. Mjaka akammiminia kikombe. Akanywa, na hakutaka kuinuka.

Habari ilifika Sokomuhogo kabla ya adhuhuri. Alasiri wazee wakaanza kuja Mpendae mmoja mmoja, kofia zimenyooshwa, na wa kwanza alikuwa Mwalimu Kheir, aliyestaafu ualimu lakini hakustaafu kusahihisha. Wakamkuta Bi Zeyana amekaa katikati ya baraza. Wakasimama. Mwalimu Kheir akakohoa, akatazama barabarani, akakohoa tena.

"Sasa siye tukae wapi, Bi Zeyana?"

"Kaeni. Refu hilo."

Wakakaa, nusu huku na nusu kule. Siku za mwanzo walizungumza habari za mvua tu. Baadaye wakasahau, wakarudia mabishano yao ya zamani, na hapo ndipo walipogundua kwamba Bi Zeyana alikuwa akiyajua yote, nani alisema nini na nani aligeuza maneno, na majibu alikuwa ameyaweka akiba tangu enzi za dirishani. Mwalimu Kheir alisahihishwa katika jambo ambalo alikuwa akilikosea tangu hajaoa. Alilikubali siku ya tatu.

Kilichofuata ni kivuli. Uchochoro wa Sokomuhogo ni mwembamba na majumba yake ni marefu, na mtu aliyekaa pale mchana hukaa kwenye kivuli kizito chenye harufu ya chokaa mbichi na udi wa majirani. Kivuli hicho, baada ya kulingoja baraza siku kadhaa na lisirudi, kililifuata. Kilikuja adhuhuri moja na kulala mbele ya nyumba ya Bi Zeyana, kimenyooka pembe zote, na hapakuwa na ukuta wala mti wa kukitoa. Jua lilikuwa pande zote. Wanawake wa jirani walihamisha makarai yao ya kufulia wakaja kufulia hapo. Paka wakafuata.

Tahiya alipofika aliegesha pikipiki yake ndani ya kivuli, akatoa utepe. Alipima baraza, alipima kivuli asubuhi na mchana na alasiri, akakichora kwenye ramani yake kama anavyochora kitu chochote kilichopo.

"Miaka yote nawawekea watu nguzo ili wapate kivuli," alisema. "Hiki hakina hata nguzo moja. Nikipangie vipi?"

"Kipe nafasi tu," alisema mama yake. "Usikibane."

Tahiya akafurahi, na furaha ilimpata ghafla mpaka akaona haya. Hakuna hoteli iliyowahi kumpa kivuli cha namna hiyo afanye nacho anavyotaka. Jioni hiyo alikwenda na michoro mipya, ambayo ndani yake hamkuwa na mto mweupe hata mmoja.

Huko hotelini mambo hayakuwa mazuri. Jua lilikuwa limeingia uchochoroni, mahali ambapo halijawahi kuonekana tangu majumba yajengwe, na lilikuwa likiupiga mlango wa hoteli tangu saa nne. Wageni walifika na picha mkononi, wakaulizia baraza, wakaoneshwa ukuta wenye alama ndefu nyeupe. Mansour akaleta lori Mpendae, na minyororo, na wanaume wa kazi.

Baraza halikuleta ukaidi. Likanyanyuliwa, likapakiwa; wazee wakawaelekeza wapakizi wasije wakagonga pembe, na Bi Zeyana akawapa maji ya baridi, maana makosa hayakuwa yao. Sokomuhogo wakalitia saruji na vyuma. Alfajiri ya pili lilikuwa limesharudi Mpendae, vyuma vinaburura, na Mjaka juu yake, ambaye sasa alikuwa ameuzoea usafiri huo na amekuja na mto wa kukalia. Wakalichukua tena. Safari hii wakamweka mlinzi alikalie usiku kucha lisiondoke. Likaja na mlinzi. Alisalimia kila mtu, akanywa kahawa vikombe viwili, akaomba radhi kwa usumbufu, akarudi kazini kwa gari ya abiria.

Hapo Mansour akaja mwenyewe, bila ya lori.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Akakaa kwenye ukingo, suruali yake ya kupigwa pasi akiichunga. "Bi, sisi tunalihitaji. Limo kwenye picha zote. Liambie lirudi. Neno moja tu, maana la mwengine halisikii."

"Nimelikaribisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, watu wanasikia. Leo nilifukuze? Mie sikulelewa hivyo."

"Hatutaki kukudhulumu. Likirudi, wewe utakuja kulikalia wakati wowote. Juisi, keki, bila ya malipo. Utakuwa mgeni wetu."

Bi Zeyana alimtazama. Kijana hakuwa na ubaya usoni, na hilo lilimuudhi zaidi, kwani kumkasirikia kulikuwa kama kumkasirikia mwavuli. "Mgeni wenu nyumbani kwangu," alisema. "Ahsante. Nshakunywa."

Mansour akageuka kwa Tahiya, aliyekuwa akichimba pembeni. Alimkumbusha kwa upole kwamba wenye hoteli hujuana wote, Mji Mkongwe mpaka Matemwe. Halikuwa tishio, alisema. Ilikuwa taarifa. Wiki iliyofuata simu ya Tahiya ilinyamaza. Kazi ya Matemwe ikaahirishwa, na ya Jambiani akapewa mwengine. Tahiya aliogopa, alikuwa na kodi na mtoto anayesoma, na kwa siku mbili alimnunia mama yake bila ya kusema anamnunia nini. Siku ya tatu akaja na nyundo.

"Unataka nini, mwanangu?" aliuliza Bi Zeyana.

"Nataka nivunje saruji yote hii."

"Vunja."

Akaivunja yote, mpaka mlangoni. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi na ya unyevunyevu, na joto lililokuwa limehifadhiwa mle likatoka likaenda zake. Akatandaza mchanga wa chokaa, akauelekeza mteremko barabarani ili maji ya masika yasituame, akapanda mlangilangi pembeni na asumini chini ya dirisha, akaweka mtungi wa maji na kata yake kwa anayepita. Hakupandisha ukuta. Mwisho wa baraza aliacha uwazi mpana wa kupitia watu, mtu asije akalazimika kuomba njia. Halmashauri ya wazee ilikagua kazi, ikakubali, na mmoja akasema ingekuwa vyema kukawa na pazia kwa ajili ya Bi Zeyana. Bi Zeyana alimwambia alete pazia ajifunike yeye.

Mwalimu Kheir ndiye aliyelitoa wazo la nyumba. Alilifikiria siku nyingi, akalileta siku ya Ijumaa, wote wakiwapo.

"Bi Zeyana, baraza ulilikaribisha likaja. Kivuli kikalifuata. Nenda Sokomuhogo, simama mlangoni, uiambie nyumba: karibu Mpendae. Basi. Kiwanja cha nyuma kitupu."

Wazo liliwaingia watu. Wakaanza kujadili njia ya kupitia, kwa kuwa nyumba ilikuwa na ghorofa na nyaya za umeme za Michenzani zilikuwa chini. Mjaka akashauri ipite kwa nyuma. Tahiya akaenda kupima kiwanja, akarudi akasema inaingia, jiko likitazama kusini. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Hakuna mahakama, hakuna wakili, hakuna Hamed.

Bi Zeyana aliweka kikombe chini. Aliitamani nyumba ile. Alitamani ngazi zake, na ukumbi wa juu, na chumba alichomzalia Tahiya, na roshani ambapo Thuwaini alipenda kukaa akiwa mgonjwa. Kama angefumba macho angeweza kuinuka sasa hivi akaenda akasema. Hakufumba.

"Mtu hukaribisha mgeni," alisema. "Nyumba ile si mgeni. Ni yangu na ya binti yangu. Siku nikiiambia karibu, nshakubali kuwa kwangu ni hapa, na kule ni kwa watu. Sisemi."

"Lakini ungeipata," alisema Mjaka.

"Ningeipata kama sadaka. Mie sitaki sadaka. Nataka airudishe aliyeichukua, kwa mkono wake, na aseme kwa ulimi wake kwamba aliichukua."

"Na hili baraza, je?" aliuliza Mwalimu Kheir. "Mbona hili ulilikaribisha?"

"Hili halijawa langu hata siku moja. Lilikuwa la anayepita. Ndiyo maana likaalikika."

Mwalimu Kheir alifungua mdomo kusahihisha, akaona hapana cha kusahihisha, akaomba kahawa.

Mwaka huo Hamed alipata nafasi ya kwenda Hija. Kila mtu anajua kinachofanywa kabla ya safari hiyo: msafiri huzunguka kwa jamaa na majirani, nyumba kwa nyumba, akiomba radhi, ili asiende kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu akiwa amebeba haki za watu mgongoni. Hamed alizunguka mji mzima. Alisamehewa na aliowagongea gari, na aliowakopa, na shemeji yake aliyemtukana harusini. Ikabaki nyumba moja, na hiyo kwanza alimtuma mama yake.

Salhiya, mama yake Hamed, alikuja na halua. Alikaa ndani, hakutaka kukaa nje, na alianza na habari ya baraza: wanawake wazima hawakai njiani, watu wanasema. Bi Zeyana akamjibu kwamba watu wanaosema wanajua mlango wake. Salhiya akalia. "Mwanangu anakwenda Hija, Zeyana. Mambo ya dunia haya. Mpe radhi, akafanye ibada yake kwa moyo mweupe."

"Moyo wake si mimi ninayeufua," alisema Bi Zeyana. "Mwambie aje."

Akaja siku ya pili, alasiri, amevaa kanzu mpya, amefuatana na watu wazima wawili wa ukoo. Wazee wote walikuwepo. Wakasogea, akapata nafasi karibu kabisa na Bi Zeyana. Baraza lile halimkatai mtu, na halikumkataa yeye. Kivuli kikamfunika sawa na wengine. Mjaka akampa kikombe.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba, Hamed."

"Nnasafiri Jumanne, inshallah. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya kila kitu. Sisi binadamu, tunakoseana."

"Kitaje."

Hamed aliuzungusha mkono hewani, kama anayefukuza nzi. "Yaliyopita, Mama. Yote yaliyopita."

"Yapi yaliyopita? Yako mengi. Niliwahi kukupiga kofi ulipokuwa mdogo, umevunja chungu changu. Hilo nami nakuomba radhi. Nimelitaja, umelisikia. Sasa na weye taja lako."

Watu wakageuza nyuso kumtazama. Hata wanawake wa kwenye makarai waliacha kufua. Hamed alitazama mbele yake, kwenye mlangilangi, kwenye mtungi, kwenye barabara. Maneno yalikuwa machache na alikuwa akiyajua: nilikodisha nyumba yenu bila ya kukuulizeni. Angeyasema, wazee wote wale wangekuwa mashahidi, na shahidi aliyesikia barazani hasahau na halipwi. Midomo yake ilijikusanya kama iliyotaka kuanza. Mmoja wa watu wazima wa ukoo akakohoa.

"Mungu ndiye ajuaye," alisema Hamed.

"Anajua," alisema Bi Zeyana. "Na mie najua. Waliobaki ni hawa, wasikie."

Hakusema. Alimaliza kahawa yake, akarudisha kikombe, akawapa mkono wote. Watu wazima wa ukoo walimwambia Bi Zeyana, wakiwa wamesimama, kwamba moyo mgumu si pambo kwa mwanamke. Aliwajibu kwamba yeye hajipambi. Usiku ule alilia, kwa hasira na kwa uchovu, kwa sababu radhi ni neno jepesi na angeweza kulitoa akalala. Asubuhi aliosha uso, akatoka, akakaa.

Hamed akaenda Hija na radhi za mji mzima isipokuwa hiyo moja. Akarudi salama. Sasa watu wanamwita Al-Haj, na hoteli imemtundikia picha yake ukumbini, pale ilipokuwa saa ya ukutani ya Thuwaini. Mansour amenunua baraza jipya la mbao lenye mito, na miavuli ya kuzuia jua, na wageni wanalikalia. Kazi za Tahiya zimerudi chache, kwa watu wadogo wa mashamba na wa Mpendae hapo hapo, ambao wanataka mahali pa kukaa nje panapoonekana barabarani. Mkataba wa nyumba ya Sokomuhogo haukuvunjwa. Hakuna aliyeulizwa.

Alasiri ya kwanza baada ya kurudi, Al-Haj Hamed alikuja Mpendae na tende na maji ya zamzam. Wazee wakamwombea hija yake ikubaliwe, wakasogea, akakaa. Akahadithia joto la Arafa na wingi wa watu. Bi Zeyana alisikiliza yote, akauliza chakula kilikuwaje, akanywa zamzam kwa kuielekea kibla. Kisha watu walipoanza mazungumzo yao mengine, Hamed akainamisha kichwa upande wake.

"Bi Zeyana," alisema kwa sauti ndogo. "Kule kila nilipoinua mikono nilikukumbuka weye."

"Umeshakuwa tayari kulitaja?"

Hamed akatazama ndani ya kikombe. Kilikuwa kitupu.

"Basi kaa," alisema Bi Zeyana. "Njoo kila siku ukitaka, hapa hafukuzwi mtu. Kahawa utapata, Hamed. Radhi hupati."

Hamed akanyoosha kikombe, na Mjaka akakijaza. Bi Zeyana akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha miguu, akajiweka vizuri.